Siku Tisa Kabla ya Miaka Themanini: Uchambuzi wa Kisa cha Kuongeza Muda wa Lizi ya Flati London

Kisa hiki kinamhusu mama mmoja wa Kiswahili mwenye flati mashariki mwa London. Jina lake, mtaa na alama nyingine za kumtambulisha zimeondolewa, na fedha zimekadiriwa kwa mamia ya karibu. Nimekiandika kwa ajili ya Waswahili wenzangu walionunua flati Uingereza na Wales, kwani wengi wao hawajawahi kufungua tena bahasha ya lizi tangu siku waliyopewa ufunguo. Jambo lililookoa fedha za mama huyu ni moja: alipeleka notisi ya kisheria kwanza, mazungumzo yakafuata. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa akifanya kinyume chake.

Usuli

Bi. M. ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, aliyefika Uingereza miaka ya tisini. Mwaka 2007 yeye na mumewe walinunua flati ya vyumba viwili ndani ya nyumba ya zamani iliyogawanywa kuwa flati nne. Kama ilivyo kwa flati nyingi za huko, hawakununua kuta wala ardhi. Walinunua lizi, yaani haki ya kukaa, kuuza na kurithisha kwa miaka iliyotajwa, na miaka hiyo ikiisha flati inarudi kwa mwenye jengo. Lizi yao ilikuwa ya miaka 99 kuanzia tarehe 29 Septemba 2004. Kodi ya ardhi ilikuwa paundi 150 kwa mwaka katika miaka 33 ya mwanzo, 300 katika 33 inayofuata, na 450 katika 33 ya mwisho.

Ndoa ilivunjika baadaye, na mume akahamia Muscat. Wazee wa pande zote mbili waliafikiana kwamba flati ibaki kwa mama na watoto, naye mama akaendelea kulipa mkopo peke yake. Makubaliano hayo yaliheshimiwa kwa miaka yote, lakini hakuna aliyekwenda kubadilisha kumbukumbu za Masijala ya Ardhi. Kwenye karatasi, wenye flati walibaki kuwa watu wawili.

Kuna jambo jingine ambalo nimelikuta kwa wengi waliotoka Tanzania na Kenya. Bi. M. alikulia mahali ambapo ardhi ni ya umma na hati hutolewa na dola, kwa miaka 33, 66 au 99. Kwao muda ukikaribia kwisha, mtu huomba serikalini. Aliamini moyoni kwamba Uingereza nako iko ofisi ya aina hiyo, na kwamba raia mwema anayelipa kodi zake hawezi kunyimwa. Haiko. Mwenye jengo ni mtu binafsi au kampuni, na kila mwaka unaopungua kwenye lizi yako ni mali inayoongezeka kwake. Hana sababu ya kukukumbusha.

Tarehe yenyewe

Februari 2023 muda wa riba isiyobadilika kwenye mkopo wake ulikuwa ukielekea mwisho, akamwendea dalali wa mikopo atafute benki nyingine. Dalali akamuuliza lizi imebaki miaka mingapi. Bi. M. akajibu, "Tisini na tisa." Ndiyo namba aliyoikumbuka kwenye karatasi. Dalali alipopiga hesabu akakuta miaka 80 na miezi saba.

Kwa mkopo wa mwaka ule haikuwa tatizo, lakini kwa gharama ya kuongeza muda ilikuwa jambo kubwa. Sheria ya mwaka 1993 inayowapa wenye flati haki ya kuongezewa miaka 90 inaweka mpaka kwenye miaka 80. Lizi ikiwa bado na zaidi ya miaka 80 siku notisi inapofika kwa mwenye jengo, unalipia vitu viwili: kodi ya ardhi ambayo mwenye jengo hataipata tena, na kucheleweshewa kurudishiwa flati. Ikifika 80 au kushuka chini yake, linaongezeka la tatu. Flati yenye lizi ndefu ina thamani kubwa kuliko vipande viwili, wako na wa mwenye jengo, vikihesabiwa kila kimoja peke yake. Ziada hiyo wathamini huiita thamani ya ndoa, na sheria inasema nusu yake ni ya mwenye jengo.

Baadaye mthamini wa upande wa Bi. M. alipiga hesabu zote mbili. Flati ikiwa na lizi ndefu aliithamini paundi 340,000. Kwa kupunguza thamani ya miaka ya mbeleni kwa asilimia 5 kwa mwaka, kiwango kilichozoeleka kwa flati tangu uamuzi wa kesi ya Sportelli, haki ya kurudishiwa flati baada ya miaka 80 ilikuwa na thamani ya paundi 6,900 hivi tu. Kodi ya ardhi yote ya miaka hiyo, ikiletwa kwenye thamani ya leo kwa asilimia 6, ilikuwa paundi 3,700. Ukitoa kiasi kidogo ambacho mwenye jengo anabaki nacho baada ya nyongeza, jumla ni karibu paundi 10,500. Kisha akahesabu kana kwamba siku imepita. Kwa kuichukulia lizi fupi kuwa na thamani ya asilimia 90 ya flati isiyo na kikomo cha miaka, nusu ya thamani ya ndoa iliongeza zaidi ya paundi 10,000. Jumla ikawa karibu 20,700.

Lizi ilikuwa inaisha tarehe 28 Septemba 2103. Kwa hiyo tarehe 28 Septemba 2023 bei ingekuwa karibu maradufu, kwa flati ileile na mama yuleyule.

Mambo yalivyokwenda

Machi 2023 Bi. M. alimpigia simu wakala wa mwenye jengo, yule anayemletea bili za ukarabati. Wakala alimjibu kwa upole. Mei ikaja barua: mwenye jengo yuko tayari kurudisha lizi hadi miaka 125 kwa paundi 8,500, bila haja ya sheria wala mawakili wengi. Kodi ya ardhi ingeendelea kama ilivyoandikwa mpaka 2103. Barua ilimtaka ajibu ndani ya siku 28 na ilibeba kwa maandishi madogo maneno kwamba haifungi upande wowote mpaka mkataba utiwe sahihi.

Alikubali kwa barua pepe siku ileile. Juni wakamwomba paundi 300 za ukaguzi wa mthamini wao, akalipa. Julai kimya. Mwanzoni mwa Agosti akaambiwa mthamini yuko likizo. Sina ushahidi kwamba ucheleweshaji huo ulikuwa wa makusudi, na sihitaji kuudai: kalenda ilikuwa ikimfanyia mwenye jengo kazi bila yeye kuinua kidole.

Ndani ya familia nako kulikuwa na sauti mbili. Binti yake alikuwa amesoma kwamba serikali inakusudia kufuta thamani ya ndoa na kuongeza nyongeza ya kisheria kutoka miaka 90 hadi 990. Ilikuwa kweli kwamba serikali ilishatangaza nia hiyo Januari 2021. Binti alimwambia, "Mama, usitupe hela, ngojea sheria mpya." Kaka yake mkubwa Bi. M. alisema kinyume: mwenye jengo ameshakubali, mwamini, maliza.

Alitufikia kutaka ushauri mwishoni mwa Agosti, akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa barua. Tulizipanga mezani kwa tarehe, na barua ya Mei tukaisoma naye mara mbili.

Septemba

Mwezi huu ndio wenye mafunzo mengi, kwa hiyo nitakaa nao.

Wakili aliyebobea katika lizi alipatikana ndani ya siku chache, na sharti lake la kwanza lilikuwa kujua hasa mwenye jengo ni nani. Tulidhani swali hilo lina jibu jepesi kwa kuwa jina lilikuwa juu ya kila bili. Nakala ya kumbukumbu za Masijala ya Ardhi, iliyogharimu paundi 3 wakati ule, ilionyesha kwamba jengo liliuzwa mwaka 2021 kwa kampuni nyingine. Wakala alikuwa bado anatumia karatasi zenye jina la kampuni ya zamani. Notisi ambayo ingepelekwa kwa jina lile ingekuwa batili, na ubatili huo tungeugundua baada ya tarehe kupita.

Nakala ya pili ya Masijala, ya flati yenyewe, ndiyo ilileta taabu. Majina mawili. Notisi ya kudai nyongeza, ya Kifungu cha 42 cha sheria ile ya 1993, hutolewa na mwenye lizi, na wenye lizi wakiwa wawili ni lazima watoe wote wawili. Talaka, makubaliano ya wazee, na miaka ya mama kulipa mkopo peke yake havikubadilisha chochote hapo. Bila bwana wa Muscat hakuna notisi.

Bi. M. hakutaka kumpigia. Walikuwa hawajazungumza tangu harusi ya mtoto wao. Aliyepiga simu ni yule kaka mkubwa, ambaye shemeji yake wa zamani alikuwa bado akimheshimu. Bwana yule hakukataa, ila aliuliza swali la haki: akikubali jina lake litumike, je, atakuwa amejiingiza kwenye deni? Wakili alimjibu kwa maandishi bila kumficha. Ndiyo, tangu notisi inapotolewa wenye lizi wanawajibika kulipa gharama za kawaida za wakili na mthamini wa mwenye jengo, hata wakijiondoa baadaye. Bi. M. naye akaandika barua ya kuchukua gharama zote. Tangu Mei 2014 si lazima tena mwenye lizi mwenyewe atie sahihi notisi, wakili anaweza kusaini kwa niaba yake, na hilo lilituokoa. Lakini wakili lazima amjue mteja wake. Kuthibitisha utambulisho kwa video na kungoja nakala ya pasipoti iliyoidhinishwa kutoka Muscat kulikula karibu wiki mbili.

Mthamini alikuja kabla ya katikati ya mwezi. Aliposema matarajio ni paundi 10,500, Bi. M. alitaka notisi iandike paundi 1,000. Wakili akakataa, na alikuwa na haki: bei inayopendekezwa kwenye notisi lazima iwe ya kweli, si ya mchezo, la sivyo mwenye jengo anapata mlango wa kuivunja. Wakaandika 7,800, kiwango cha chini ambacho mthamini angeweza kukitetea.

Notisi ilifikishwa tarehe 19 Septemba 2023, kwa mkono katika ofisi iliyosajiliwa ya kampuni na kwa posta ya kusainiwa kwenye anwani iliyo kwenye bili. Lizi ilikuwa imebaki miaka 80 na siku tisa.

Baada ya notisi

Siku ya notisi bei hufungwa. Thamani ya flati na idadi ya miaka huhesabiwa kama zilivyokuwa siku ile, hata mazungumzo yakichukua mwaka. Kwa hiyo tangu hapo Bi. M. hakuwa na sababu ya kuogopa kimya cha mtu.

Mwenye jengo alidai amana, ambayo ni asilimia 10 ya bei iliyopendekezwa au paundi 250, ipi iliyo kubwa. Zikalipwa paundi 780 ndani ya siku 14. Notisi ilimpa mpaka tarehe 27 Novemba kujibu, kwani sheria inataka apewe si chini ya miezi miwili. Jibu lilifika tarehe 24 Novemba: haki ya nyongeza inakubaliwa, bei inayotakiwa ni paundi 12,700. Mthamini wao alichukulia flati kuwa ya paundi 400,000 na kukokotoa kodi ya ardhi kwa asilimia 5. Mazungumzo ya wathamini wawili yakaanza na kwenda polepole.

Kuna saa nyingine iliyokuwa ikihesabu hapa, na watu wengi hawaijui. Tangu jibu la mwenye jengo, mwenye flati ana miezi sita kufungua shauri kwenye baraza la mali kama bei haijaafikiwa. Hawezi kufungua kabla ya miezi miwili, wala baada ya sita. Akipitwa, notisi inahesabiwa kuwa imeondolewa, na haruhusiwi kutoa nyingine kwa miezi 12. Kwa Bi. M. maana yake ilikuwa kurudi mezani akiwa na miaka chini ya 79 na thamani ya ndoa juu yake. Siku ya mwisho ilikuwa tarehe 23 Mei 2024. Wakili alifungua shauri mwanzoni mwa Mei, ingawa mthamini wa upande wa pili alikuwa akisema "tumekaribia, hamna haja".

Siku iliyofuata, tarehe 24 Mei 2024, sheria mpya ya lizi ilipata idhini ya Mfalme. Simu ya binti ilikuja jioni: sheria imepita, nyongeza ni miaka 990, thamani ya ndoa imefutwa, jiondoeni sasa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha ofa ya wakala. Paundi 8,500 zilionekana ndogo kuliko 10,500, tena bila gharama za wakili wa pili. Lakini ofa ile ilikuwa inaongeza miaka 45, si 90. Na kodi ya ardhi ilibaki: ukijumlisha miaka 14 ya paundi 150, 33 ya 300 na 33 ya 450, unapata paundi 26,850 ambazo yeye, wanawe na wanunuzi wao wangelipa mpaka 2103. Kwa thamani ya siku ile ni zile 3,700. Bei halisi ya ofa, basi, ilikuwa 12,200 kwa nusu ya miaka. Nyongeza ya kisheria inafuta kodi hiyo tangu siku ya mkataba mpya. Hubaki punje moja ya pilipili manga kwa mwaka, ikidaiwa, yaani kodi ya jina tu. Zaidi ya hayo, rasimu ya wakala ilikuwa na kifungu kipya cha ada kila flati inapopangishwa. Njia ya sheria inataka masharti ya zamani yabaki yalivyo, isipokuwa marekebisho machache yanayoruhusiwa.

Hata hivyo, hoja iliyokuwa na uzito kuliko zote ni tarehe. Kama ofa ile ingekuwa nzuri mara mbili, bado haikuwa inamfunga mwenye jengo, na siku ya 28 Septemba angeweza kuiondoa bila kuvunja chochote. Hakuna kilichotuzuia kutoa notisi na kuendelea kuzungumza juu ya ofa hiyohiyo. Kilichokuwa kigumu ni kumshawishi Bi. M. kwamba notisi si ugomvi. Aliona haya, "wamenijibu vizuri, niwapelekee wakili?" Tulimwambia kwamba kwa upande wa pili hiyo ni karatasi ya kazi ya kila wiki, na kwamba adabu yake haipungui.

Uamuzi wa pili, wa kutongojea sheria mpya, ulifanywa mara mbili. Agosti 2023 ulikuwa rahisi: hakukuwa hata na muswada bungeni, ulioletwa Novemba. Mei 2024 ulikuwa mgumu kwa kweli, na namheshimu binti kwa hoja yake. Sheria ilikuwepo, imechapishwa. Lakini vifungu vya bei havikuwa vimeanza kutumika, na havikuwa na tarehe. Kujiondoa kungemfungia mlango miezi 12, kumtoza gharama za upande wa pili, na kumshusha chini ya 80. Faida aliyokuwa akiitafuta, kufutwa kwa thamani ya ndoa, alikuwa tayari anayo kwa kuwahi. Miaka 170 kwa mtu mwenye umri wa kustaafu haina tofauti ya maana na 990. Tulimwekea binti hesabu hizo kwenye karatasi moja, akakubali.

Matokeo

Baada ya shauri kufunguliwa, mazungumzo yaliyodumu miezi yalikwisha kwa wiki chache. Juni 2024 waliafikiana paundi 10,900. Gharama za wakili na mthamini wa mwenye jengo zilidaiwa 3,300, zikashuka hadi 2,400 baada ya wakili wetu kutaka mchanganuo wa saa. Wakili wake Bi. M. alichukua 2,300 na mthamini 700. Jumla ni paundi 16,300, ukiacha zile 300 za Juni ambazo hazikurudi. Kabla ya kukamilisha, ilibidi pia amalize deni la ukarabati wa paa alilokuwa akilibishia, kwa sababu mwenye jengo hawezi kulazimishwa kutoa lizi mpya wakati anadai. Lizi mpya, inayokwisha mwaka 2193, ilitiwa sahihi na pande zote Septemba 2024 na kupelekwa Masijala.

Novemba 2024 serikali mpya ililiambia bunge kwamba sheria ya Mei ina kasoro zinazohitaji kurekebishwa kwa sheria nyingine kwanza. Kungoja kungekuwa kungoja hasa.

Uchambuzi

Lililofanya kazi kuliko yote ni kumtenganisha mtu na tarehe. Wiki za kwanza mazungumzo yetu yote yalikuwa juu ya wakala: mwema au si mwema, anachelewesha au anasahau. Tulipoacha kuuliza hilo na kuuliza "tarehe 28 itakutaje?", kila uamuzi ulijipanga wenyewe. Mwenye flati aliye karibu na miaka 80 hana haja ya kujua nia ya mwenye jengo.

La pili ni nakala mbili za Masijala. Kwa paundi 6 zilifichua mambo mawili ambayo kila moja lingeweza kuua notisi. Zilistahili kununuliwa Februari, siku dalali alipotaja miaka. Tangu Desemba 2024 nakala ni paundi 7, na bado sijui fedha nyingine inayofanya kazi kubwa hivyo katika jambo la nyumba.

Yaliyoshindwa ni haya. Miezi kuanzia Machi hadi Agosti ilipotea kabisa, na kama bwana wa Muscat angekuwa safarini wiki mbili tu, kisa hiki kingekuwa na namba nyingine. Jamii zetu zina talaka nyingi ambazo mali yake iligawanywa kwa neno la wazee na kuheshimiwa. Hilo ni jambo jema, lakini Masijala haisikii neno la wazee. Jina la mtu aliyeondoka linapaswa kushughulikiwa wakati bado mnasemezana, kwa utaratibu ambao benki ya mkopo itaukubali, si katika wiki ambayo kila kitu kinalitegemea.

Kosa jingine lilikuwa la upande wa kitaalamu na lingeweza kuwa baya zaidi. Notisi ya Kifungu cha 42 inapaswa kuandikishwa Masijala dhidi ya hati ya jengo mara tu inapotolewa. Isipoandikishwa na jengo likauzwa, mnunuzi mpya hafungwi nayo, hata kama mwenye flati anaishi humo ndani. Hapa iliandikishwa Desemba. Miezi mitatu nzima, kwenye jengo ambalo lilikuwa limeshauzwa mara moja bila wakazi kujua, ulinzi wote wa Bi. M. ulitegemea kampuni kutouza. Hawakuuza. Siku hizi tunamuuliza wakili swali hilo siku ileile ya notisi na kuomba uthibitisho.

Kuhusu bei, sidhani kwamba kuvutana kutoka 12,700 hadi 10,900 ndiko kulikoleta faida kubwa, ingawa ndiko familia inakokusimulia. Paundi 1,800 ni fedha, lakini zilizookolewa kwa siku tisa zilikuwa zaidi ya 10,000. Katika lizi yenye miaka zaidi ya 80, gharama za mawakili na wathamini zinaweza kufikia theluthi ya matumizi yote, kwa hiyo kubishania mia mbili za mwisho kwa barua tano ni hasara. Kufungua shauri barazani lilikuwa jambo la aina nyingine. Tulilifungua ili kulinda notisi, nalo likaleta makubaliano, kwa sababu mwenye jengo hawezi kumtoza mwenye flati gharama zake za barazani. Alikuwa na kila sababu ya kumaliza nje.

Na kuna majirani. Nyumba ile ina flati nne, zote zenye lizi zilizoanza siku moja mwaka 2004. Zote zilivuka 80 usiku mmoja. Kwa kuwa Bi. M. alikuwa na haya ya kuzungumzia mambo yake, na sisi tulikuwa tumezama kwenye tarehe, hakuna aliyegonga mlango wa ngazi ya juu. Nusu ya wenye flati wakiungana sheria inawapa hata haki ya kununua jengo lenyewe, na hapo mazungumzo yote yangekuwa tofauti. Hili ndilo ninaloliona kuwa pungufu letu kubwa katika kisa hiki.

Jirani wa juu alikuja kwetu mwaka 2025, baada ya kuona lizi mpya ya Bi. M. Kwake ushauri haukuwa uleule. Ameshapita mpaka, thamani ya ndoa imo kwenye bei yake tayari na inaongezeka kidogo kidogo. Hakusudii kuuza wala kubadilisha mkopo kabla ya miaka mitano. Kwake yeye kungoja vifungu vya sheria ya 2024 vianze ni uamuzi unaoeleweka, na mthamini aliunga mkono. Akilazimika kuuza kabla ya hapo, mnunuzi wake anaweza kutoa notisi siku ya kwanza ya kumiliki, kwa kuwa sharti la kukaa na flati miaka miwili lilifutwa tarehe 31 Januari 2025. Alichofanya ni kununua nakala zake mbili za Masijala na kuandika orodha ya wakazi wa nyumba nzima pamoja na namba zao za simu.